Mutoto mwenye ulemavu iko na nafasi mu kalasi: maneno kwa wazazi wa kartie

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wazazi, walimu na vijana, kartie Ndosho, Goma, mwanzoni mwa mwaka wa masomo 2023-2024. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tumefupisha kidogo tu.)



Asanti kwa kukubali kukaa chini siku ya jumamosi, saa ya soko. Ninajua kuna mama hapa aliyeacha meza yake ya makala kwa jirani. Sitamukawisha. Nitasema mambo matatu: nini ilitokea nyumbani kwetu, sheria ya inchi inasema nini, na tunaweza kufanya nini kuanzia juma tatu.

Nitaanza na nyumbani, kwa sababu kama siko tayari kuosha mbele ya mulango wangu, siko na haki ya kuwaonyesha takataka za wengine.

Wengi wenu munanijua. Munaniona mu barabara na karatasi mu mukono, tunadai maji, tunadai barabara, tunadai usalama. Mwaka moja niliandika karatasi juu ya maji ya Goma. Niliandika kwamba ni haya, muji wenye kukaa kando ya ziwa Kivu, na watoto wanabeba bidoni za njano za litri makumi mawili badala ya kuwa ku masomo. Niliandika vizuri. Watu walinipongeza.

Siku ile ile nilirudia nyumbani, nikanawa mikono. Maji yale, nani aliyaleta? Mudogo wangu. Alikuwa na miaka tisa. Aliyaleta saa nne ya asubui, siku ya kazi, saa wenzake walikuwa wanasoma. Na alikuwa ameyaleta mwaka muzima, na mimi sikuona. Nilikuwa naona watoto wote wa Goma, isipokuwa yule wa nyumba yetu.

Sitataja jina lake. Yeye mwenyewe ndiye aliniambia: «Usiseme jina yangu, sema tu mudogo yangu.» Basi nitasema mudogo wangu.

Mudogo wangu alizaliwa akisikia vizuri. Alipokuwa na miaka ine aligonjwa homa kali, akakaa mu hospitali siku nyingi. Alipona, tukamushukuru Mungu, tukarudi. Kisha hatukuelewa. Unamuita, haitike. Unamutuma chumvi, analeta sabuni. Mama akasema mutoto amekuwa mukaidi. Baba mudogo akasema ugonjwa ulimuharibu kichwa. Mu chumba cha maombi wakasema kuna mutu wa familia amemufunga. Hakuna hata mumoja kati yetu, hata mimi niliyesoma, aliyefikiri juu ya masikio.

Akaingia masomo. Kalasi yao ilikuwa na watoto 72. Kwa kuwa alikuwa murefu, walimuweka kwenye benchi ya mwisho, pale kelele ya barabara inaingia. Mwalimu anaandika tablo huku anaongea, mugongo kwa watoto. Mudogo wangu anaona mugongo, hasikii kitu. Anaulizwa, hajibu. Anapigwa fimbo juu ya kutojibu. Mwisho wa mwaka, buletini inasema ameanguka. Anarudilia. Mwaka wa pili, buletini ni ile ile.

Ndipo direkta alimuita mama. Nilipata kuyajua maneno yale nyuma sana, kwa sababu mama aliona haya ya kutuambia. Alimuambia hivi: «Mama, huyu mutoto haiko wa hapa. Anapotezea bengine wakati. Mumupeleke kwa bale ba namna yake, ao akae ku nyumba akusaidie kazi.» Mama akasema: «Asanti, direkta.» Akachukua mutoto mukono, akarudi naye. Kesho yake akamupa bidoni.

Wazazi, ninaomba tusimame hapa kidogo. Mama yangu alisema asanti. Mutu anamufukuza mutoto wako ku masomo ya serikali, na unamushukuru. Sio kwa sababu mama hampendi mutoto. Ni kwa sababu alidhani ile nafasi mu kalasi ilikuwa ni zawadi ya direkta, na mwenye zawadi anaweza kuichukua tena. Hakuna mutu aliyemuambia kwamba ile nafasi ilikuwa ni ya mutoto.

Basi tuangalie ni ya nani.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema kila mutu ana haki ya kusoma, na kwamba masomo ya primeri ni ya lazima na ni ya bure mu shule za serikali. Soma tena vizuri. Imeandika kila mutu. Haikuandika kila mutu anayesikia vizuri, wala kila mutu anayetembea kwa miguu mbili. Na imeandika lazima. Sisi wazazi tunafikiri lazima ni juu yetu tu, kwamba tukimuficha mutoto tunakosa. Ni kweli, tunakosa. Lakini lazima iko na pande mbili: kama mutoto analazimishwa kusoma, basi shule nayo inalazimishwa kumupokea.

Kifungu cha 49 cha katiba ile ile kinasema mutu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa njia za pekee. Sheria ya kulinda mutoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kubagua mutoto. Mwaka 2015 inchi yetu iliingia mu mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 24 cha mapatano yale ni juu ya masomo: mutoto asitolewe mu shule ya kawaida kwa sababu ya ulemavu wake, na afanyiwe matengenezo yenye kufaa hali yake. Halafu, tarehe 3 Mei 2022, tulipata sheria yetu wenyewe, sheria organiki namba 22/003, yenye kulinda na kuendeleza haki za mutu anayeishi na ulemavu. Watu wenye ulemavu walipigania ile sheria miaka mingi. Hawakuipewa hivi hivi.

Sasa ninasikia mama moja anasema moyoni: «Sheria iko Kinshasa, mutoto wangu iko Ndosho.» Uko na haki, mama. Sheria haitembei yenyewe. Inahitaji mutu wa kuibeba. Ndiyo maana tuko hapa.

Na kuna jambo moja ambalo linawadanganya wazazi wengi. Direkta anasema: «Hii ni shule ya kanisa, siyo ya serikali.» Muangalie sana. Shule za wakatoliki, za waprotestanti, za wakimbanguiste na zingine zenye mapatano na serikali, zile tunaita conventionnées, ni shule za serikali zinazosimamiwa na kanisa. Masomo ya bure ya primeri yaliyoanza Septemba 2019 yanazihusu. Haki ya mutoto wako inazihusu pia. Shule ya mutu binafsi ni jambo lingine juu ya malipo, lakini hata pale hakuna sheria inayoruhusu kumudharau mutoto.

Nirudi nyumbani. Tulifanya nini?

Siku ile ya maji nilikaa na mama. Aliniambia yote. Nilikasirika, nikataka kwenda mara moja kumulalamikia direkta, nikamuandike, nimupige picha, nimutoe kwenye mutandao. Mama akanizuia. Akaniuliza ulizo moja: «Utamudai nini?» Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hasira tu. Sikujua hata mutoto anakosa nini.

Basi tulianza hapo. Jirani moja, muuguzi, alituonyesha kitu chepesi. Simama nyuma ya mutoto, hatua chache, asikuone midomo. Sema jina lake kwa sauti ya kawaida. Kisha sema kwa sauti ya juu. Kisha piga sufuria. Mudogo wangu aligeuka kwa sufuria tu. Mama alilia. Alisema: «Miaka yote nilikuwa namupiga, kumbe hanisikie.»

Mama akaomba zamu yake ya likilimba iletwe mbele, tukamupeleka kwa daktari wa masikio. Daktari akasema sikio la kuume halisikii karibu kitu, la kushoto linasikia kiasi. Akili yake ni nzima. Akatuandikia karatasi, na tukamuomba jambo moja ambalo ninawaomba nanyi mulifanye: asiandike ugonjwa tu, aandike pia mutoto anahitaji nini ku masomo. Kwa sababu direkta akisoma jina la ugonjwa, anaogopa. Akisoma «akae mbele, upande wa kushoto uelekee mwalimu», anaelewa.

Tukaandika barua. Ukurasa moja. Tuliomba mambo ine. Mutoto arudishwe mu kalasi. Akae benchi ya kwanza. Mwalimu amuangalie usoni wakati anaongea, na kazi ya nyumbani aiandike ku tablo badala ya kuisema tu. Na apewe mwenzake wa benchi wa kumuonyesha kaye pale amepitwa. Hesabuni wenyewe hayo mambo yanagharimu franka ngapi. Hakuna hata franka moja.

Direkta alisoma, akasema atafikiri. Juma tatu zikapita. Tukarudi, akasema barua haiioni. Hapo ndipo nilijifunza somo la kwanza: hatukuwa na nakala yenye kashe. Kwa ofisi, barua isiyo na kashe ni barua ambayo haikuandikwa. Tukaandika tena, nakala mbili, tukasimama mbele ya sekretari mupaka alipoweka kashe, tarehe na sini kwenye nakala yetu. Nakala zingine tukazipeleka kwa komite ya wazazi na ku Sous-Division.

Halafu tulifanya jambo ambalo mimi sikulitaka. Mama alitaka kuongea na mwalimu. Mimi niliona mwalimu ndiye adui, ni yeye aliyepiga fimbo. Mama akasema: «Direkta atamuweka mu kalasi, lakini ni mwalimu njo atamufundisha.» Tukaenda kwake, kwa nyumba yake, magaribi.

Na walimu mulio hapa, ninataka museme kama ninadanganya. Tulimukuta mutu anayefundisha watoto 72, wengine wanakaa chini, tangu masomo ya bure yalete watoto wengi bila kuleta vyumba. Alikuwa miaka mingi anafundisha bila kuingizwa ku listi ya mushahara ya serikali. Hakuna mutu aliyewahi kumufundisha namna ya kumufundisha mutoto asiyesikia. Alituambia: «Nilifikiri ananichekelea. Ningejua ni masikio, singemupiga.» Ninamuamini. Kosa halikuwa lake peke yake. Serikali imemuacha yeye, na yeye akamuacha mudogo wangu, na mudogo wangu hakuwa na mutu mwingine chini yake wa kumuacha. Ndivyo uzembe wa wakubwa unavyoshuka ngazi kwa ngazi mupaka unaangukia mutoto.

Mwalimu yule akawa ndiye mutetezi wetu mu kikao cha shule. Mutu mumoja wa komite ya wazazi akasimama naye. Inspekta akapita kuuliza ile barua ilifikia wapi. Mudogo wangu akarudishwa.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yote yalikuwa muzuri. Amepoteza miaka mitatu, na miaka haina duka la kuinunua. Iko na wenzake wadogo kuliko yeye, na kuna wanaomucheka. Kifaa cha masikio hatujapata, ni cha bei kali. Mwaka wa sita utakuja na mutihani wa taifa, ENAFEP, na hatujajua bado kama siku ile atapewa mutu wa kumurudilia maagizo. Tutaandika barua nyingine, mapema, siyo juma la mutihani. Lakini mu buletini ya mwisho, kwa mara ya kwanza, alipita. Alikimbia nayo kutoka barabara mupaka jikoni. Mama hakuwa na mikono safi, akaishika na vidole viwili tu, asiichafue.

Sasa tuangalie maneno ambayo mutaambiwa, kwa sababu yatakuja.

La kwanza: «Kuna shule zao.» Ni kweli, mu Kivu kuna vituo vinavyofanya kazi nzuri. Bukavu munajua Heri Kwetu, hapa Goma munajua Shirika la Umoja. Watu wale walianza kazi wakati serikali haikufanya kitu, na tunawaheshimu. Tena kuna mutoto ambaye kituo kinamufaa kuliko shule ya kawaida: mutoto ambaye hasikii kabisa anahitaji lugha ya alama na wenzake wa kuongea nayo, mutoto kipofu anahitaji braille na mutu wa kumufundisha. Hatusemi kituo ni kibaya. Tunasema kituo kisiwe ni jalala ambapo direkta anatupia mutoto ambaye hataki kujisumbua naye. Familia ichague, baada ya kuelezwa, na mutoto mwenyewe aulizwe. Na pale hakuna kituo, ao kituo kiko mbali na mama hana feza ya moto kila siku, shule ya karibu haiwezi kusema «siyo kazi yetu.»

La pili: «Kalasi imejaa.» Imejaa kwa wote. Mbona wakati wa kupunguza watoto, anatolewa yule mwenye mikongojo? Kalasi ikijaa, dawa ni kuomba kalasi ingine, na sisi tutakuwa na walimu siku wanaiomba.

La tatu: «Serikali haina feza.» Matengenezo mengine yanataka feza, ndiyo. Choo chenye mulango mupana, njia ya saruji juu ya mawe yetu haya ya volkano ambayo hata mwenye miguu mizima anaangukia, vitabu vya braille, walimu waliofundishwa. Hayo tutaendelea kuyadai kwa serikali bila kuchoka. Lakini benchi ya mbele haingoji budjeti ya taifa. Kumuangalia mutoto usoni hakungoji budjeti. Kuhamisha kalasi ya mutoto mwenye mikongojo kutoka ngazi ya juu kwenda chini ni kazi ya asubui moja. Tusikubali mutu achanganye mambo ya feza na mambo ya roho, ili yote yakawie pamoja.

La ine linatoka kwetu wenyewe, nalo ndilo zito. «Ni laana.» «Ni uchawi.» «Mumufiche, wageni wanakuja.» Wazazi, direkta alimufukuza mudogo wangu mwaka moja. Sisi, na maneno yetu ya mukaidi na ya kufungwa, tulimufukuza miaka mitano mbele yake. Na kuna watoto mu nyumba za kartie hii ambao hakuna direkta aliyewakataa, kwa sababu hakuna mutu aliyewahi kuwapeleka. Kuna pia wale waliokimbia vita, wako Kanyaruchinya, wako Bulengo, na mutoto asiyeweza kukimbia alibebwa mugongoni kilometri nyingi. Mama aliyembeba vile hawezi kushindwa kumubeba mupaka ku mulango wa shule. Anahitaji tu kujua kwamba mulango ule ni wake.

Basi, kuanzia juma tatu. Andikeni, ao mwenye simu arekodi.

Moja. Muangalie mutoto wako kabla ya kumuhukumu. Hasikii? Haoni tablo? Anaanguka kifafa? Anachelewa kushika? Mupeleke ku kituo cha afya. Omba karatasi inayosema anahitaji nini.

Mbili. Chagua mambo machache ya kuomba, ine ao tano, ambayo shule inaweza kuanza kesho. Ukiomba makumi, watakujibu lile moja lisilowezekana.

Tatu. Ongea na mwalimu kwanza, kwa heshima. Usiende na hasira. Nenda na daftari. Andika tarehe, nani alisema nini.

Ine. Kama maneno hayatoshi, andika barua kwa direkta. Nakala mbili, kashe kwenye yako. Usiache nakala ya mwisho mu ofisi ya mutu, hata akikuahidi.

Tano. Usiende peke yako. Enda na dada, na jirani, na mutu wa komite ya wazazi. Komite ile siyo ya kukusanya feza tu, ni sauti yenu. Mama peke yake anaambiwa asanti na kwaheri. Mama watatu wanapewa kiti.

Sita. Direkta akikataa, panda ngazi: Sous-Division, kisha ofisi ya Proved. Kwa shule ya conventionnée, peleka pia nakala ku kordinasio ya kanisa. Kila ngazi ipewe nakala ya barua ya ngazi ya chini, waone kwamba haukuruka mutu.

Saba. Usilipe. Mutu akikuambia utoe kitu ili mutoto apewe benchi ya mbele, andika jina lake, tarehe na franka alizoomba, na utuambie. Kile ambacho ni haki yako, ukikinunua leo, kesho jirani yako masikini atakikosa.

Nane. Muulize mutoto. Tulimuuliza mudogo wangu mwisho kabisa, na aibu ni yetu. Tulidhani atasema anataka kifaa cha masikio. Alisema: «Nataka mwalimu asinipige wakati sikumusikia.» Ndilo tulitia mu barua ya pili, nafasi ya kwanza.

Na sisi vijana? Tumekaa, tumekubaliana. Tutapita avenue kwa avenue mu kartie hii, wawili wawili, kuuliza watoto wenye ulemavu ambao hawako ku masomo. Hatutapiga picha. Hatutaweka majina ku mutandao. Tutaandika tu wangapi, miaka ngapi, wanahitaji nini, shule gani iliwakataa, kwa ruhusa ya wazazi. Kisha tutaandika petisio. Kifungu cha 27 cha katiba kinampa kila mukongomani haki ya kuandikia serikali petisio, mumoja ao wengi pamoja, na kinasema serikali ijibu mu miezi mitatu. Miezi mitatu tutaihesabu hapa, mbele yenu, juma kwa juma.

Kuna watakaouliza: «Mbona munashugulika na watoto wachache hawa, wakati inchi iko mu vita, na Goma iko mu état de siège?» Ninajibu hivi. Tunataka Kongo ya namna gani siku vita itaisha? Kama ni inchi ambapo mutoto anayesikia kidogo anabeba bidoni ili wenye kusikia wasome, basi tulikuwa tunapigania nafasi yetu tu, hatukuwa tunapigania inchi. Shule inayomupokea mutoto ambaye ni muzigo kwake, inajua pia kuwapokea wengine wote. Mwalimu aliyejifunza kugeuka na kuangalia watoto usoni juu ya mudogo wangu, watoto wote 72 wamefaidika. Mama ya mutoto mwingine alituambia: «Hata wangu sasa anafwata.»

Nimalize. Kuna karatasi kule mulangoni, na biki. Mwenye mutoto aandike, ao amuambie dada yule amuandikie. Mwalimu anayetaka kujaribu aandike pia, hatutamuita ku kikao cha kulaumu, tutamuita ku kikao cha kusaidiana. Na mama ambaye iko na mutoto ku nyumba sasa hivi, amefungiwa ndani ili sisi tusimuone, asiandike kitu kama anaogopa. Aje tu kwangu nyuma, polepole. Mama yangu yuko pale kando ya dirisha, mwenye kitenge cha bluu. Yeye njo ataongea naye. Alisema asanti siku ile, leo anajua kusema kitu kingine.

Juma tatu, saa moja ya asubui, tutakuwa mbele ya mulango wa shule.